Polisi Wehu wa Dundee

Mwaka 2016 kulungu mmoja alisababisha foleni kwenye barabara kuu ya Los Santos. Katika matembezi yake alipita ufukweni chini ya mbalamwezi, akajikuta katikati ya magenge yanayorushiana risasi, na polisi nao wakamkimbiza. Hakuna aliyekuwa akimwongoza. Los Santos ni jiji la kubuni ndani ya gemu ya Grand Theft Auto V, na kulungu huyo alipenyezwa humo na msanii wa Marekani, Brent Watanabe, aliyemfanya asife kwa risasi wala gari, akamwachia njia zote, kisha akafungua matangazo ya moja kwa moja mtandaoni ili mwenye bando lake atazame. Watu walitazama, tena kwa muda mrefu. Hapakuwa na hadithi, hapakuwa na lengo, na hapakuwa na hata mtu mmoja aliyeshika pedi.

Gemu hiyohiyo ina hadithi ndefu ya wahalifu watatu, iliyoandikwa kwa ustadi na kuigizwa na watu wanaojua kazi yao. Ilitoka Septemba 2013, ikaingiza dola bilioni moja ndani ya siku tatu, na mpaka katikati ya mwaka 2024 kampuni ya Take-Two ilikuwa imeshauza zaidi ya nakala milioni 200. Lakini muulize aliyeicheza akusimulie kitu kimoja anachokumbuka. Mara nyingi hatakusimulia misheni. Atakwambia siku aliyoegesha pikipiki vizuri kabisa kando ya barabara, lori likaigonga, pikipiki ikaruka na kumwangukia askari, askari wenzake wakaamua kwamba mwenye kosa ni mchezaji, na dakika tano baadaye helikopta ilikuwa juu ya kichwa chake. Kisa hicho hakikuandikwa na mtu.

Ninachodai ni kwamba visa vya namna hiyo ndivyo vilivyozijenga gemu hizi, kuliko bunduki na kuliko hadithi. Na ushahidi ninao tangu siku zilipozaliwa.

Mji wa Dundee uko mashariki mwa Scotland. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kijana wa hapo, David Jones, alianzisha kampuni ya DMA Design, ambayo mwaka 1991 ilipata jina kwa gemu ya Lemmings, ile ya vijitu vidogo vinavyotembea kwa mstari kuelekea kwenye maangamizi yao wenyewe. Mwaka 1995 DMA ilianza mradi mwingine uliopewa jina la Race'n'Chase. Wazo lenyewe halikuwa na makuu: jiji linaloonekana kutoka juu, magari, majambazi, na polisi wa kuwakimbiza. Mchezaji angechagua upande. Akitaka, awe askari.

Kuwa askari hakukunoga. Askari husimama taa zikiwa nyekundu. Askari hapandi na gari juu ya njia ya waenda kwa miguu. Waliojaribu gemu walichoka upesi, na zaidi ya hapo magari hayakuendesheka vizuri na programu ilikuwa ikizimika kila mara. Waliokuwa wakitoa fedha walikaribia kuufuta mradi, na si mara moja tu.

Kisha polisi wakaingiwa na wazimu. Gary Penn, aliyekuwa akisimamia upande wa ubunifu, ameeleza miaka ya baadaye kwamba kulitokea kosa katika sehemu ya programu inayowaongoza polisi. Badala ya kumfuata mchezaji na kumsimamisha barabarani kwa adabu, magari ya polisi yalianza kumwendea moja kwa moja kana kwamba yanataka kupita ndani yake. Yalimbamiza, yakabamizana yenyewe kwa yenyewe, yakapanda kwenye kuta. Ofisi nzima ikaacha kazi na kuanza kucheza. Kwa hesabu za karatasini hiyo ilikuwa hitilafu ya kurekebishwa, na kweli waliirekebisha kidogo, lakini wazimu wenyewe wakaubakiza. Mchezaji akageuzwa mhalifu moja kwa moja, jina likabadilishwa, na mwaka 1997 Grand Theft Auto ikaingia sokoni.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Ghasia za ndani ya gemu zilijitokeza zenyewe, ila ghasia za nje yake zilipangwa. Wachapishaji walimlipa Max Clifford, mtaalamu maarufu wa Uingereza wa kutengeneza habari za magazetini, awachochee watu wazima wakasirike. Wakakasirika. Mwaka huohuo gemu ilijadiliwa mpaka katika Baraza la Malodi la Uingereza, ikitajwa na wazee ambao sidhani kama walikuwa wameigusa. Matangazo ya bure ya kiasi kile hayanunuliki.

Mtafiti wa michezo kutoka Denmark, Jesper Juul, aliandika mwaka 2002 kwamba gemu ziko za namna mbili. Kuna zile za kusonga mbele, ambamo muundaji amepanga matukio kwa zamu na wewe unayapitia kama abiria wa treni. Na kuna zile za kuibuka, ambamo unapewa sheria chache tu, na sheria zikikutana zinazaa hali ambazo mwenye kuzitunga hakuzihesabu. Namna hii ya pili ndiyo ya kale zaidi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na sheria zake zinakaa kichwani mwa mzee mmoja, lakini wazee wamelicheza barazani vizazi na vizazi na bado kila mtaji una mshangao wake. Grand Theft Auto ilizitia namna zote mbili ndani ya sahani moja ya CD: misheni za kusonga mbele, na kuzunguka misheni hizo jiji zima la kuibuka. Juul mwenyewe aliitaja Grand Theft Auto III kama mfano wa mchanganyiko huo.

Hiyo ya tatu ilitoka Oktoba 2001 kwa ajili ya PlayStation 2, na ndiyo iliyomshusha mchezaji kutoka angani na kumsimamisha mtaani. Ukiifungua mashine yenyewe utashangaa umaskini wake. PlayStation 2 ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 32, chini hata ya simu janja ya bei ya chini kabisa ya leo. Jiji zima haliwezi kukaa humo. Kwa hiyo jiji hukusanywa na kubomolewa kila unapopita: nyumba za mbele yako zinapakiwa kutoka kwenye diski, za nyuma zinafutwa, na wapita njia huzaliwa pembeni mwa macho yako na kufa mara unapowapa kisogo. Aliyecheza atakumbuka kioja hiki: unaiba gari la kifahari ambalo umelitafuta jioni nzima, ukizunguka kona tu, magari ya aina hiyohiyo yamejaa barabarani. Si uchawi. Mashine tayari imeshalipakia gari hilo kwa ajili yako, na kwa kuwa nafasi ni finyu, inawagawia na wengine.

Obbe Vermeij, aliyekuwa kiongozi wa ufundi katika studio ya DMA Design, ambayo baadaye ilihamia Edinburgh na kuitwa Rockstar North, ameanza miaka ya karibuni kueleza mambo ambayo wachezaji walibishania kwa miaka ishirini. Mojawapo ni mwezi. Katika Grand Theft Auto III, ukiupiga mwezi kwa bunduki ya kudungulia, unabadilika ukubwa. Watu walitafuta siri nzito ndani yake. Kumbe wasanii wa studio walikuwa hawajaamua kama wanautaka mwezi mdogo au mkubwa, Vermeij akawawekea namna rahisi ya kujaribu, upige risasi uone ukubwa mwingine, kisha kila mtu akasahau.

Nyingine ni ndege za San Andreas. Katika gemu hiyo ya mwaka 2004 unaweza kuwa umesimama jangwani, huna ugomvi na mtu, mara ndege inaanguka mbele yako na kulipuka. Waliokufa kwa ndege hizo ni wengi. Vermeij anasema hakuna aliyepanga zianguke. Ilitakiwa tu zipite chini chini juu ya mchezaji ili anga lisiwe tupu. Kabla ya kuruka, programu ilipima njia kuona kama kuna kizuizi, lakini kupima kunailemea mashine, basi wakapima mara chache. Vitu vyembamba vikaponyoka kwenye kipimo. Ndege ikakutana na nguzo.

San Andreas ndiyo, kwa maoni yangu, kilele cha sanaa hii, na kisa chake kikubwa kuliko vyote ni cha misituni. Magharibi ya Los Santos kulikuwa na vijiji, ukungu, na mlima uitwao Mount Chiliad. Wachezaji wakaanza kusema wameona kitu porini: jitu lenye manyoya, Bigfoot. Wengine wakaapa kwamba magari yasiyo na dereva yanatembea msituni usiku. Vikundi vikaundwa kufanya doria. Picha za giza zikasambazwa, kila mmoja akichora duara kwenye kivuli chake. Mwaka 2005 mkuu wa Rockstar, Terry Donovan, alikana kuwepo kwa Bigfoot, lakini akaongeza kwamba msituni kuna kitu. Kwa kauli hiyo msako ukapata miaka mingine ya uhai.

Bigfoot hakuwepo. Magari yasiyo na dereva, hata hivyo, yalikuwepo kweli. Waundaji walikuwa wameweka magari mabovu aina ya Glendale porini kama mapambo, mengine juu ya miteremko, na sheria ya mvutano wa ardhi haikuambiwa kwamba haya ni mapambo tu. Mchezaji akikaribia, gari linazaliwa mlimani, linaanza kuteremka taratibu bila mtu ndani, linampita kwenye ukungu na kutokomea. Hebu fikiria kuliona hilo saa nane za usiku. Na ukungu nao ulikuwa na kazi ya kiufundi: ulificha kwamba mashine haiwezi kuchora mbali. Umaskini wa kumbukumbu ulitengeneza pori, mteremko ukatengeneza mzimu, na binadamu wakafanya iliyobaki.

Huku kwetu gemu hizi ziliingia kwa mlango wake. Wengi walikutana nazo kwenye vibanda vya gemu vya mtaani, mahali unapolipa kwa dakika, na foleni ya wanaosubiri inakupumulia kisogoni. Katika hali hiyo nani ataanza misheni? Mazungumzo ni ya Kiingereza cha mitaa ya Los Angeles, ambacho hata mwalimu wa Kiingereza angekwama. Kadi ya kuhifadhia mchezo haipo, au ipo lakini aliyecheza baada yako ameshafuta chako. Muda ukiisha, pedi inakwenda kwa mwingine na CJ, mhusika mkuu wa San Andreas, anarudi mwanzo, juu ya baiskeli, mtaa uleule. Basi hadithi ikaachwa kama ilivyo. Watoto wakajitungia zao: nani atafika uwanja wa ndege bila kukamatwa, nani ataishi muda mrefu zaidi akiwa na nyota sita za kusakwa na polisi, nani atapanda na baiskeli juu ya ghorofa. Wenye kompyuta walikariri HESOYAM, herufi zinazokupa afya, fulana ya kuzuia risasi na dola 250,000 kwa mpigo mmoja, kama watu wanavyokariri namba ya simu ya nyumbani. Waliolelewa na mabanda hayo wengi hawajui San Andreas inaishaje hadi leo. Siwaonei huruma. Walicheza nusu iliyo bora.

Tena watu hawakuishia kwenye kuvunja. Mwaka 2003 msanii wa Kanada, Jim Munroe, alitengeneza filamu fupi ndani ya Grand Theft Auto III, akilitembelea Liberty City kama mtalii wa Kanada anayeshangaa majengo. Mchezaji mmoja maarufu wa mtandaoni, DarkViperAU, alijipa kazi ya kumaliza hadithi ya Grand Theft Auto V akiua watu wachache iwezekanavyo, katika gemu iliyojengwa kwa ajili ya kuua, na sehemu kubwa ya burudani ni kumwona akisubiri kwa subira wenzake wa kompyuta wamfanyie kazi chafu. Wapo wanaosimama kwenye kila taa nyekundu. Sheria ambayo mchezaji amejitungia mwenyewe huwa haivunji hovyo.

Grand Theft Auto IV ya mwaka 2008 ilileta teknolojia ya Euphoria, ya kampuni ya NaturalMotion ya Oxford, inayofanya mwili wa mtu wa kwenye gemu uanguke kwa misuli na mizani yake, si kwa picha zilizorekodiwa, hivyo hakuna maanguko mawili yanayofanana. Mlevi wa Liberty City anapepesuka kwelikweli. Lakini wachezaji walikwenda kuhiji kwingine: kwenye bembea ya uwanja wa watoto katika eneo la Broker. Ingiza gari kwenye bembea hiyo kwa pembe inayofaa, subiri kidogo, na gari linarushwa juu ya mapaa kama kombeo. Kampuni ilitumia mamilioni kujenga jiji linalofanana na New York, na watalii wakajipanga kwenye bembea.

Sasa hapa lazima nitenganishe, maana si kila kosa ni zawadi. Mwaka 2021 gemu tatu za zamani zilitolewa upya kwa picha mpya. Ukungu wa San Andreas ukaondolewa kwa kuwa mashine za leo zinaweza kuona mbali. Matokeo yake, ukisimama juu ya Mount Chiliad uliona nchi nzima kwa mkupuo mmoja, na ilikuwa ndogo kama bustani. Jiji la mbali ambalo zamani ulilisafiria likawa hapo chini ya miguu. Toleo hilo lilijaa pia hitilafu za aina nyingine, sura zilizoharibika na mvua isiyokuwezesha kuona njia, na wanunuzi walilalamika mpaka kampuni ikaomba radhi. Hitilafu zile hazikumpa mchezaji kitu cha kufanya. Zilimzuia kufanya.

Na kuna kosa lililolala miaka ishirini. Katika San Andreas kuna ndege ya majini iitwayo Skimmer. Watumiaji walioweka toleo la 24H2 la Windows 11 walikuta ndege hiyo imetoweka kabisa kwenye gemu, na waliolazimisha kuiita walirushwa juu angani kwa umbali usio na jina la Kiswahili. Mtaalamu wa kujitolea anayejulikana kama Silent, ambaye hurekebisha gemu za zamani kwa mapenzi yake, aliichimba habari hiyo na kueleza Aprili 2025. Katika Vice City, gemu iliyotangulia, Skimmer ilihesabiwa kuwa mashua. Mashua hazina magurudumu, hivyo faili lake halikuandikwa vipimo vya magurudumu. Ilipogeuzwa ndege, hakuna aliyevijaza. Miaka yote hiyo gemu ilikuwa ikiokota vipimo vilivyobaki kwenye kumbukumbu kutoka kwa gari lililosomwa kabla yake, na kwa bahati havikuwahi kufutwa. Windows ilipobadilisha tu namna inavyotumia kumbukumbu, bahati ikaisha. Gemu nzima ilikuwa imesimama juu ya bahati na sote tulidhani ni uhandisi.

Kinachonisikitisha ni mwelekeo wa misheni zenyewe. Katika zile za zamani ungeweza kumsubiri adui yako kwa kuziba barabara na malori kabla hujaanza kumfukuza, na gemu ingekubali ujanja wako. Katika za karibuni, hasa Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 iliyotengenezwa na kampuni hiyohiyo ya Rockstar, mambo ni kinyume. Nje ya misheni uko huru kuliko wakati wowote, dubu anaweza kukuvamia unapopika. Ndani ya misheni, ukikanyaga hatua chache nje ya mstari unaambiwa umefeli. Ni kama waandishi wa hadithi na waundaji wa ulimwengu wanafanya kazi ghorofa mbili tofauti na hawasalimiani.

Waliofaulu kuziunganisha ghorofa hizo walikuwa waigizaji wawili wa Uingereza wasio na kazi. Januari 2021, majumba ya maonyesho yakiwa yamefungwa kwa ajili ya korona, Sam Crane na Mark Oosterveen walikuwa wakipoteza muda ndani ya Grand Theft Auto Online walipokuta jukwaa la wazi la Vinewood. Wakaamua kuigiza Hamlet hapo, tamthilia ya Shakespeare, mwandishi ambaye Waswahili wengi tulimjua kwanza kwa kalamu ya Mwalimu Nyerere. Wakatangaza usaili. Waliokuja ni wachezaji wa kila aina, mmoja akiwa na umbo la kiumbe wa kijani wa sayari nyingine, na alipoambiwa akariri chochote alisoma aya za Kurani. Katikati ya mazungumzo mazito ya mwana wa mfalme, mpita njia asiyejulikana angetokea na kuwamiminia wote risasi, kisha polisi wangefika na kumalizia waliobaki. Wakasubiri wafufuke, wakaanza upya. Filamu ya mradi huo, Grand Theft Hamlet, iliyoongozwa na Crane na mkewe Pinny Grylls, ilishinda tuzo ya majaji kwa filamu za hali halisi katika tamasha la SXSW mwaka 2024. Hakuna mtu Rockstar aliyewahi kuwaza jukwaa lile litumike hivyo.

Tarehe iliyotangazwa ya Grand Theft Auto VI ni 19 Novemba 2026. Picha zake za awali zinapendeza sana, kila nywele imechorwa, na magazeti ya michezo yatajaza kurasa kuhusu hadithi ya wahusika wake wakuu, Lucia na Jason. Wazazi, gemu hizi barani Ulaya zina alama ya miaka 18, na alama hiyo haikuwekwa kwa utani. Lakini wewe uliyefikia umri, ukiipata, usikimbilie misheni ya kwanza. Egesha gari vibaya, kaa pembeni, uone jiji linajua kufanya nini bila wewe. Kama halijui kufanya lolote, umeuziwa filamu ndefu kwa bei ya gemu.